Yai Lililokwama na Dharura Nyingine za Uzazi kwa Kuku Wanaofugwa kwa Mapenzi

Nchini Uingereza, ambako kuku wengi wa mayai huondolewa mashambani wakiwa na umri wa takriban mwaka mmoja na nusu, ipo desturi ya kuwachukua kuku hao na kuwafuga bustanini, si kwa ajili ya kitoweo bali kama wanyama wa kupendwa, na shirika la British Hen Welfare Trust, lililoanzishwa na Jane Howorth mwaka 2005, limejipa kazi ya kuwatafutia makazi. Afrika Mashariki kuku kama hao, wanaoitwa waliochoka kutaga, huishia sokoni na hatimaye chunguni, kwa hiyo maradhi ya uzee wao hayajulikani sana. Makala hii inahusu maradhi ya uzazi yanayowajia ghafla kuku hao, na hoja yake ni kwamba anayetaka kumwokoa kuku hana budi kutambua kwanza ni dharura ipi inayomkabili, kwa kuwa tiba ya moja huweza kuwa madhara kwa nyingine.

Chanzo cha matatizo haya ni uzalishaji uliopita kiasi cha maumbile. Kuku mwekundu wa porini wa Asia, ambaye ndiye asili ya kuku wafugwao, hutaga mayai machache tu kwa mwaka, ilhali chotara wa kisasa kama ISA Brown hupita mayai 300. Kila yai husafiri kwa muda wa saa 24 hadi 26 katika mrija wa mayai, ambao kwa kuku wengi ni wa upande wa kushoto pekee, na takriban saa 20 kati ya hizo hutumika kutengeneza ganda, lenye kama gramu 2 za kalisiamu, yaani madini ya chokaa. Madini hayo hayajengi ganda tu, bali pia huiwezesha misuli ya mrija kusukuma, na ndiyo maana kuku aliyepungukiwa huweza kupata misiba miwili kwa wakati mmoja: yai lenye ganda laini, na misuli isiyo na nguvu ya kulitoa.

Kukwama kwa yai hutambulika kuku anaposimama wima mkia ukiwa umeshuka, akajikamua bila kutoa kitu, akahema mdomo wazi na kuacha kula. Mtu mwenye mkono mwepesi huweza kulipapasa yai karibu na kloaka, yaani tundu moja linalopitisha mayai, kinyesi na mkojo. Katika hali hii kumweka kuku ndani ya maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, kumkausha vizuri, kumpa kalisiamu ya maji na kumtenga mahali penye joto na giza husaidia mara nyingi. Lisilofaa kabisa ni kulikamua yai kwa nguvu au kulivunja likiwa ndani, kwa sababu vipande vya ganda hukata mrija na kuacha uchafu unaooza. Na yai lisipotoka ndani ya saa chache, kuku apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Hatari zaidi ni pale tumbo linapovimba na kuwa kama mfuko wa maji huku yai lenyewe halipapasiki. Hapo huenda kiini kimedondokea nje ya mrija na kusababisha uvimbe wa utando wa tumbo, ambao mara nyingi huingiliwa na bakteria aina ya E. coli, ingawa saratani ya ovari, isiyo nadra kwa kuku wazee, huweza kuleta dalili zilezile. Kuku hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo, hivyo majimaji hayo hubana vifuko vya hewa moja kwa moja, na kumbonyeza tumbo au kumlaza chali kwaweza kumuua mikononi mwa anayemhudumia.

Dharura ya tatu, kutokeza kwa mrija nje ya kloaka, haihitaji kubahatishwa, kwani nyama nyekundu huonekana. Kuku wenzake huidonoa papo hapo, kwa hiyo kumtenga ndiyo huduma ya kwanza. Nyama hiyo huoshwa kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, hulainishwa, kisha hurudishwa taratibu kwa kidole.

Kumwondoa kuku katika hatari ya leo si kumponya, maana kesho atataka kutaga tena. Wapo madaktari wanaopandikiza chini ya ngozi kidonge cha deslorelini, homoni bandia inayosimamisha utagaji kwa miezi kadhaa. Hata hivyo, dawa hiyo haijasajiliwa kwa kuku, na sheria ya Uingereza humhesabu kuku kuwa mnyama wa chakula hata akiwa na jina na kitanda chake, jambo ambalo wafugaji wengi hulisikia kwa mshangao. Pale tatizo linaporudi mara kwa mara, au tumbo linapojaa tena muda mfupi baada ya majimaji kutolewa, kumuua kuku kwa njia isiyo na maumivu, kwa mkono wa daktari, ni uamuzi wa huruma zaidi kuliko kumwogesha tena, na inafaa familia ikubaliane juu yake mapema, kabla usiku wa dharura haujafika.