Umbo la Rota na Bili ya Umeme



Huenda dukani mkaonyeshwa mota ambayo rota yake, yaani kiini kinachozunguka, ina umbo la koni badala ya mcheduara uliozoeleka, mkaambiwa kuwa umbo hilo hupunguza bili. Msiharakishe kulipa.

Rota ya koni ipo kweli, nayo ina kazi yake. Katika mashine za kunyanyulia mizigo, umeme ukiwashwa, nguvu ya sumaku huivuta rota kando na kuachia breki. Ukikatika, springi huirudisha, breki ikakamata, mzigo usianguke. Hiyo ni faida ya usalama, si ya bili.

Mwendo wa mota hizi hutokana na masafa ya umeme na idadi ya ncha za sumaku. Kwa Hezi 50, mota ya ncha 4 huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika. Kidhibiti mwendo hubadili masafa hayo. Feni ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya mwendo wake, nguvu inayohitaji hushuka hadi karibu nusu. Pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu hupata nafuu ndogo kuliko hiyo.

Kwa hiyo, someni kibao cha mota mtafute alama ya ufanisi ya IE; namba kubwa ndiyo bora. Ulizeni pia kama mota itapoa vyema ikienda polepole, maana feni yake hupunguza kasi pamoja nayo.

Umbo geni lisiloandikiwa kipimo, msilinunue.