Qi Inapokwama: Ganda la Chenza, Ndago na Udi katika Tiba ya Jadi ya China



Mgonjwa akimwambia tabibu wa Kichina kwamba tumbo limejaa, kifua kinabana na anashusha pumzi kila mara, tabibu hujiuliza qi imekwama wapi, na ilipaswa kuelekea wapi. Katika tiba hiyo qi ndiyo inayouendesha mwili, na kila kiungo kina mwelekeo wake. Qi ya wengu hupanda, ya tumbo hushuka, ya ini husambaa. Ya tumbo ikipanda, mtu hubeua, hupata kwikwi, hutapika. Ya ini ikizuiwa, aghalabu kwa hasira iliyomezwa, mbavu huuma na hedhi huja kwa maumivu.

Dawa za kuisukuma qi karibu zote hunukia, na nyingi hazichemshwi sana, maana mafuta yake hupaa na mvuke.

Tazameni ganda la chenza. Tunda likichumwa bichi, ganda lake ni qingpi, dawa kali ya kuvunja kilichoganda kwenye ini. Likiiva, ganda likakaushwa na kuwekwa, ni chenpi, dawa ya upole inayotuliza tumbo na kupunguza makohozi. Chenpi inayosifiwa kuliko zote hutoka Xinhui, mkoani Guangdong, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyothaminiwa. Mti mmoja, dawa mbili! Naiheshimu sana subira ya macho yaliyoigundua tofauti hiyo.

Udi tunaoufukiza Unguja, Wachina huuita chenxiang. Kwao huishusha qi iliyopanda, kwa kwikwi na kwa pumu. Na xiangfu, ambayo tabibu Li Shizhen aliipa cheo cha juu katika maradhi ya qi na ya wanawake katika Bencao Gangmu, kitabu kilichochapwa 1596, ni ndago. Ndiyo, ndago ile ile inayowachosha wakulima wetu. Vinundu vyake vya ardhini hukaushwa, mara nyingi vikakaangwa kwa siki ili dawa ielekee kwenye ini.

Lakini macho yana mpaka. Qingmuxiang, mzizi wa jamii ya Aristolochia, ulitumika kwa muda mrefu kusukuma qi na kutuliza maumivu ya tumbo. Mwaka 2004 China iliufuta katika dawa zinazoruhusiwa, kwa kuwa una asidi ya aristolokia, inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Madhara hayo huja polepole. Tabibu aliyeona tumbo limetulia hakuwa na namna ya kuliunganisha na figo zilizokufa miaka baadaye.

Kwa hiyo ombi langu kwa chuo hiki ni mahsusi: tuichunguze ndago ya mashambani kwetu, kwanza maabarani, kisha kwa wagonjwa watakaofuatiliwa miaka kadhaa, na figo zao zipimwe hata kama hawalalamiki.