Heshima kwa Aliye Hai



Huku kwetu Kipkelion, kama ilivyo Kericho na Bomet, nyimbo za kantri zimekwisha kuwa za nyumbani. Wazee wetu wengi huitambua sauti ya Jim Reeves mara tu aanzapo kuimba. Wimbo wake Distant Drums ulishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1966, miaka miwili baada ya yeye kufa katika ajali ya ndege. Lakini tukiulizana ni nani aliyeutunga, wengi wetu tutanyamaza.

Aliyeutunga ni Cindy Walker wa Texas, Marekani, mjukuu wa mtunzi wa nyimbo za kanisani. Kwa miaka mingi aliishi na mama yake katika mji mdogo wa Mexia. Binti akitunga, mama akimpigia piano. Nyimbo zake ziliimbwa na watu mashuhuri, na sifa nyingi zikawaendea waimbaji.

Mwaka 2006 Willie Nelson, naye mzaliwa wa Texas, alitoa albamu nzima ya nyimbo za mama huyu peke yake, na jina la mtunzi likawekwa katika jina la albamu. Ilitoka tarehe 14 Machi. Tarehe 23 mwezi huo huo Cindy Walker akafariki. Siku tisa tu! Kama ingalicheleweshwa kidogo, heshima hiyo ingalikuta kaburi.

Wapenzi, sisi nasi tukoje? Mtu akiwa hai hatumwambii neno, maana twasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akifa, twasimama mmoja mmoja mazishini kumsifu, naye hasikii. Methali hiyo yaonya juu ya majivuno. Haikutupa ruhusa ya kunyima shukrani.

Mtume Paulo hakungoja mazishi. Katika Warumi sura ya 16 anawataja watu zaidi ya ishirini kwa majina: Fibi aliyewasaidia wengi, Priska na Akila waliohatarisha maisha yao, Mariamu aliyejitaabisha kwa ajili ya kanisa. Hata Tertio, aliyeuandika waraka kwa mkono wake, alipata nafasi ya kutoa salamu zake.

Sisi wa nchi ya chai twalielewa jambo hili. Anywaye chai London hamjui aliyechuma majani yale asubuhi yenye umande. Je, sisi twamjua mama afagiaye kanisa kila Jumamosi? Twamjua aliyeitungia kwaya yetu nyimbo? Mwalimu aliyetufundisha kusoma, tumepata kumshukuru?

Basi juma hili tumwendee mmoja wao. Tuitaje kazi yake mbele yake, maadamu anasikia.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uonaye yaliyo sirini, utufumbue macho tuwaone watumishi wako waliofichika, na kinywa chetu kisikawie kuwashukuru. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.