KUEZEKA NYUMBA UPYA

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya kubadili paa la nyumba. Jambo hili si dogo. Nyumba nyingi za zamani katika mitaa yetu zimejengwa kwa boriti, fito na udongo, na katika nyumba ya namna hiyo paa ndilo mlinzi wa kuta. Ukuta wa udongo ukikaa mkavu hudumu miaka mingi. Ukinyeshewa na masika bila kifuniko, hulainika na kuanguka. Basi mtu akishusha makuti yake, kisha fedha zikamwishia kazi ikiwa nusu, hatari iliyo mbele yake ni kukosa nyumba yenyewe. Na pengine nyumba hiyo ndiyo mali pekee aliyoachiwa mjane na mayatima, na kodi ya vyumba vyake ndiyo chakula chao.

Kwa hiyo neno langu kubwa ni hili: mtu asiguse paa la zamani kabla paa jipya lote halijahesabiwa na kulipiwa, tangu mbao hata msumari wa mwisho.

Kwanza, na tutazame yaliyo chini ya paa. Fundi apande achunguze makombamoyo na miamba, akiyadunga kwa ncha ya kisu. Pale kisu kinapozama kwa urahisi, mchwa wamekwisha kula. Tena, fito zilizochukua makuti kwa kawaida hazikunyooka, nayo mabati hutaka mbao zilizo sawa. Mwenye kuhesabu mabati peke yake amehesabu sehemu tu ya gharama.

Pili, idhini. Wengi hapa Mombasa twamiliki nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine. Yafaa kuzungumza na mwenye ardhi na kupata ruhusa yake kwa maandishi, na kuuliza katika ofisi ya kaunti, kabla ya kununua kitu. Ugomvi unaozuka paa likiwa wazi hauna mshindi.

Tatu, vipimo. Tuchukue nyumba yenye vipaa viwili, kila kimoja urefu wa mita 10, na mita 5 toka kileleni hadi mchirizini. Eneo la kuezeka ni mita za mraba 100. Lakini hesabu haiishi hapo. Bati la mita 3 na bati la mita 2 yakiunganishwa hayafiki mita 5, kwa kuwa hayana budi kupandana kiasi cha sentimita 15. Hubaki mita 4 na sentimita 85. Mwenye kujua hilo mapema atanunua la mita 3 na la mita 2 na nusu. Asiyejua atarudi dukani na fedha nyingine. Kadhalika mabati hupandana ubavuni, tena kilele chataka kofia zake.

Nne, kuchagua. Makuti ni baridi na bei yake ni nafuu, lakini hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na moto huyashika upesi. Vigae vya saruji hupendeza na kudumu, ila mita moja ya mraba yaweza kupita kilo 40, hali bati la kawaida halifiki kilo 5. Kuta za udongo na fito zisitwikwe mzigo huo wa vigae.

Katika mabati, tukumbuke kwamba namba ya geji ikipungua, bati huwa nene zaidi: la geji 28 ni nene kuliko la 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Karibu na bahari, chumvi ya upepo hula chuma, na bati jembamba ndilo hutoboka mwanzo. Bati lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki hustahimili kutu zaidi kuliko lililopakwa zinki pekee. Rangi nyeupe hurudisha joto la jua. Tena ni vema kuacha nafasi ya hewa kupita chini ya paa. Misumari ipigwe juu ya tuta la bati, isipigwe bondeni maji yanamopita. Wazee walisema kweli kwamba rahisi huwa ghali.

Mwenye paa la zamani la asbesto asilivunje wala kulikata kwa msumeno. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba aina zote za asbesto huleta saratani, na vumbi lake ndilo la kuogopwa. Kazi hiyo waachiwe wenye kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira.

Mwisho, wakati. Miezi ya Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ndiyo bora, isingojwe Aprili. Paa lishushwe kipaa kimoja kimoja, ili wapangaji na watoto wapate pa kulala. Na wekeni mifereji: nyumba niliyoitaja imefunika mita za mraba 80, na mvua ya milimita 10 tu yaweza kuteremsha lita 800 za maji juu yake.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Mwanachama ajaye kutaka msaada wa kuezeka alete kwanza hesabu iliyoandikwa ya paa zima. Na asiyeweza kuandika, mjane au mzee, Chama kimpelekee mtu wa kumpimia bila malipo. Fedha zetu ni chache, na paa la nusu halimfai mtu.