Kutoka Porini hadi Buchani: Usafi wa Nyamapori katika Saa za Kwanza baada ya Risasi



Utangulizi

Nimeombwa nieleze usafi wa nyamapori kwa ujumla wake. Kwa madhumuni ya mada hii, nyamapori ni nyama ya mnyama aliyewindwa au kuvunwa kwa kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na biashara yake inaongozwa na kanuni za mwaka 2020 zilizoruhusu mabucha. Nyama safi ni ile isiyo na uchafu, ugonjwa wala dalili ya kuoza. Hayo sote tunayajua, na waliohudhuria semina zilizotangulia wameyasikia mara nyingi.

Kwa idhini yenu, muda uliobaki nitautumia kwenye kipande kimoja cha safari ya nyama: kuanzia pale mnyama alipoanguka hadi pale nyama inapopata baridi. Kipande hiki hakina mwenyewe. Askari wa wanyamapori anahakiki leseni, na mkaguzi anapiga mhuri nyama ikishafika mjini. Katikati kuna saa nyingi, mara nyingine usiku mzima, na humo ndimo nyama inamoharibika. Siyo nia yangu kulaumu idara yoyote. Lakini nimeliandika jambo hili katika taarifa zangu miaka mingi, na msimu ukifunguliwa magari yanafika na hali ileile.

Joto ndilo adui wa kwanza

Tukisema uchafu, watu wanafikiria vumbi na nzi. Vumbi unaliona, ukilikata limeondoka. Joto hulioni.

Pofu dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 600, na mwili wake una nyuzi 38 au 39 anapoanguka. Akishakufa damu haizunguki tena kulitoa joto hilo nje, na tumbo kubwa lililojaa majani linaendelea kuchacha na kutoa gesi. Katika joto la namna hiyo bakteria waliopata chakula huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Sasa chukua mchana wa Oktoba kule Rungwa, jua kali na miti imepukutisha majani, halafu mwache pofu huyo na matumbo yake kwa saa tatu kwa sababu gari limekwenda kuzunguka korongo. Hata akipasuliwa baadaye, paja lake ni nene mno. Nje linakauka na kupata utando mzuri, mnunuzi akilitazama anaridhika. Kisu kikifika kwenye kiungo cha nyonga ndipo harufu inapotoka, na nyama inayozunguka mfupa imegeuka rangi.

Sasa nieleze gari lenyewe, maana wengi hapa mnaletewa nyama nalo. Ni pikapu. Chini imetandikwa ngozi mbichi, manyoya yakiwa juu. Juu ya ngozi kuna mapaja na mabega yamepangwa yamelaliana, kisha mbavu, kisha kichwa chenye tope puani. Pembeni limebanwa jerikani la dizeli. Juu ya vyote limevutwa turubai na kukazwa kamba ili vumbi lisiingie. Dereva anaamini amefanya usafi. Nimefungua turubai la namna hiyo alfajiri, baada ya safari ya usiku, na mvuke ukapanda. Nyama ya chini ilikuwa na joto mithili ya maji ya kuoga. Haikuwa na vumbi hata kidogo, na haikufaa kuliwa na binadamu.

Kwa hiyo rai yangu ya msingi ni hii: nyama ipate hewa kabla ya kupata gari. Matumbo yatoke palepale mnyama alipoanguka, mara tu inapothibitika kwamba amekufa na kwamba hana dalili za ugonjwa. Kidari kipasuliwe na kitanuliwe kwa kijiti. Kwa pofu na nyati, viweo vitenganishwe na kutundikwa kivulini, kila kimoja peke yake, kisu kikipitishwa hadi karibu na mfupa wa nyonga ili joto la ndani lipate mlango. Nyama isafiri usiku au alfajiri, ikiwa imening'inizwa kwenye vyuma au imelazwa juu ya kichanja cha miti kinachopitisha hewa chini. Kitambaa cha kufunikia ni amerikani au shashi, siyo turubai na siyo mfuko wa plastiki. Amerikani inazuia nzi na vumbi, na bado nyama inapumua.

Kukokota, kuchinja na kuosha

Kukokota mnyama aliyekwisha kupasuliwa kumekuwa mazoea, hasa pale gari lisipoweza kuingia. Anafungwa pembe, anavutwa, na tumbo lililo wazi linachota udongo, kinyesi na mbegu za nyasi. Udongo mweusi wa mbugani ukishaingia katikati ya misuli hautoki. Swala pala dume ana kilo 50 au 60. Watu wawili na mpiko mmoja wanambeba bila taabu kubwa. Mnyama mkubwa agawanywe, vipande vitiwe kwenye mifuko ya amerikani na vibebwe mabegani au kwa machela. Kama hakuna watu wa kutosha wa kubeba, basi mnyama huyo hakupaswa kupigwa mahali hapo. Najua wawindaji hawapendi kulisikia hili.

Kuhusu kuchinja, hukumu ya dini ina wenyewe na siigusi. La mkaguzi ni hili: kisu kinachokata koo hukata na umio, na mnyama akilala kichwa kikiwa chini, majani ya tumboni humwagika shingoni na kuingia kwenye nyama ya kidari. Damu ikishatoka, umio utafutwe kwa vidole na ufungwe uzi imara kabla hajageuzwa. Ni kazi ndogo sana, na inaiokoa shingo nzima. Nyuma nako, utumbo wa mwisho ufungwe vivyo hivyo kabla ya kuvutwa.

Swala pala ana vishungi vyeusi kwenye miguu ya nyuma, juu kidogo ya kwato, na chini yake kuna tezi zenye harufu. Mkono ulioshika pale usirudi kwenye nyama bila kunawa, na kisu vilevile.

Kisha maji. Nimeshuhudia vijana wakimwosha mnyama kwa maji ya dimbwi ambalo asubuhi yake nyati walikuwa wamelala. Hata maji yakiwa safi, nyama iliyolowa huharibika upesi kuliko iliyokauka, na uchafu uliokuwa sehemu moja husambaa mwili mzima. Palipochafuka pakatwe patupwe. Vivyo hivyo njia ya risasi: ikatwe kwa upana, kwa sababu vipande vidogo vya risasi husafiri mbali na tundu lenyewe na macho hayavioni.

Kimeta, kwa ufupi tu, kwa kuwa kina mada yake. Aliyekutwa amekufa, aliyevimba upesi kupita kawaida au anayetoka damu isiyoganda puani na nyuma, asipasuliwe. Wenzetu wa Monduli, Longido na Ngorongoro hawahitaji kukumbushwa. Vimelea vyake vikishamwagwa hukaa ardhini miaka mingi.

Mapendekezo

Napendekeza kila kibali kiambatane na karatasi ya saa: saa ya risasi, saa ya kutoa matumbo, saa ya kutundika, saa ya kuondoka porini na saa ya kufika kwenye baridi. Bila karatasi hiyo mkaguzi anakisia, na mwenye bucha ananunua kwa imani.

Mkaguzi aletewe pia moyo, ini, mapafu, bandama na kichwa, vikiwa kwenye mfuko wenye namba ya mnyama wake. Kwa sasa tunaletewa nyama tupu na kuombwa mhuri. Huwezi kumpima mnyama kwa paja lake.

Turubai lipigwe marufuku kama kifuniko cha nyama yenye joto. Narudia kwa makusudi: vumbi linakatwa, joto halikatwi. Ngozi isafirishwe mbali na nyama, na dizeli isikae kwenye bodi moja nayo. Kukokota mnyama aliyepasuliwa kuwe sababu ya kukataliwa nyama, siyo ya kuonywa tu.

Wawindaji wafundishwe kutofukuza mnyama kwa gari. Mnyama aliyekimbizwa humaliza nguvu za misuli, nyama yake hubaki nyeusi, yenye kunata, na huoza mapema hata ikitunzwa vizuri. Wapasuaji na wabebaji nao waalikwe kwenye semina hizi; wao ndio wenye kisu mkononi, na leo sioni hata mmoja wao ukumbini.

Mabucha yawe na haki ya kukataa nyama mlangoni bila kugombana na mwenye kibali. Halmashauri na mamlaka zinazohusika zikae zikubaliane nani anasimamia kipande hiki cha njia, na jina la cheo chake liandikwe.

Mwisho, kila kituo cha ukaguzi kipewe kipimajoto cha sindano. Katika biashara ya nyamapori barani Ulaya kiwango ni nyuzi 7 katikati ya nyama ya mnyama mkubwa. Sisi tunaweza kuanza kwa kupima na kuandika tu, katikati ya kiweo, karibu na mfupa, gari linapofika. Msimu unafunguliwa Julai. Naomba vipimajoto viwe vimefika vituoni kabla ya gari la kwanza.