Sifa Si Kinga: Muuguzi Mjamzito Wakati wa Mlipuko wa Maradhi

Haya ni maandishi ya mazungumzo aliyoyatoa Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata uliojadili huduma za zahanati. Tunayachapisha kwa ombi la wananchi waliohudhuria, na kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Katika sanduku la maoni la zahanati yetu ilikutwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, isiyo na jina. Mwandishi wake aliuliza hivi: "Kwa nini yule nesi mwenye ujauzito haingii tena chumba cha wagonjwa wa homa na kikohozi, ilhali foleni ni ndefu na mshahara anapokea ule ule?" Nimetumwa nilijibu swali hilo hadharani, kwa kuwa jambo linaloandikwa na mmoja aghalabu huwa limekwisha kunong'onwa na wengi. Namshukuru aliyeandika. Ametumia njia halali, na swali lake ni la haki.

Jibu fupi ni kwamba amehamishwa kwa mujibu wa sheria, na kazi anaifanya. Sitasema zaidi ya hapo juu yake, maana hali ya mwili wa mtumishi ni siri yake kama ilivyo ya mgonjwa. Jibu refu lataka niwasimulie kosa nililolitenda mimi mwenyewe.

Mwaka 2020 nilikuwa kijana katika kazi hii, katika halmashauri nyingine. Tarehe 11 Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, na siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, Serikali yetu ikatangaza mgonjwa wa kwanza nchini, mjini Arusha. Mwezi uliofuata nilitumwa katika kituo kimoja cha afya kuandika habari za maandalizi. Pale langoni, kando ya ndoo ya maji tiririka, nilimkuta muuguzi mwenye mimba kubwa akiwapima joto watu wote walioingia. Alikuwa amesimama tangu asubuhi. Barakoa yake ya kitambaa ilikuwa imelowa jasho.

Nilimpiga picha. Nikaandika kwamba huyu ni shujaa wa mstari wa mbele, mama asiyeogopa. Habari ile ilibandikwa kwenye mbao za matangazo, watu wakaisifu, nami nikapongezwa na wakubwa wangu. Sikumwuliza hata swali moja juu ya hali yake. Sikuuliza mimba ina wiki ngapi, wala kwa nini yeye, kati ya watumishi wote, ndiye aliyepangwa mahali pa kukutana na kila anayekohoa.

Miezi kadhaa baadaye tulionana. Alikuwa amejifungua kabla ya wakati, baada ya kuugua kifua na kulazwa. Ugonjwa ule ulikuwa nini hasa, hakuna aliyeweza kumwambia kwa hakika, nami sitadai kujua. Mtoto alizaliwa mdogo mno, lakini alipona. Nilipompa pole alinijibu kwa upole, na maneno yake sijayasahau: "Kaka, ile picha yako ilinifunga mdomo. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwenda kwa mganga mfawidhi kuomba nibadilishiwe kazi. Baada ya kuitwa shujaa mbele ya watu wote, ningekwendaje kusema kwamba naogopa?"

Ndugu zangu, tangu siku hiyo nimelitumia neno shujaa kwa uangalifu. Sifa haizuii virusi. Tena sifa ikitolewa pasipo kinga, humnyima anayesifiwa nafasi ya kuomba kinga hiyo.

Hatari yenyewe

Yapo maelezo ya kitabibu ambayo kila mkazi anapaswa kuyafahamu. Mimba inapokua, tumbo la uzazi husukuma juu kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na mapafu hubanwa. Wakati huo huo mwili wa mama huhitaji hewa ya oksijeni zaidi kuliko kawaida, kwa kuwa unapumua kwa ajili ya wawili. Kinga ya mwili nayo hubadilika ili mimba isikataliwe, na damu huwa nyepesi kuganda. Ndiyo maana ugonjwa unaoshambulia mapafu humwelemea mjamzito upesi. Tafiti za UVIKO-19 zilizofanywa katika nchi nyingi zilionyesha kuwa mjamzito aliyeugua alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuhitaji uangalizi mahututi kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba, na pia ya kujifungua kabla ya wakati.

Kwa muuguzi huongezeka mambo ya kazi yenyewe: kusimama kutwa, zamu za usiku, joto la mavazi ya kujikinga ambayo hayamruhusu hata kunywa maji kwa saa kadhaa, na harufu kali ya klorini katika vyumba visivyopitisha hewa vizuri. Hofu nayo humfuata hadi nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walifariki duniani kwa sababu ya UVIKO-19. Shirika hilo hilo linaeleza kuwa takriban saba katika kila wafanyakazi kumi wa sekta ya afya na ustawi wa jamii duniani ni wanawake. Kwa hiyo mhudumu mjamzito si jambo la ajabu litokealo mara moja kwa miaka. Yumo katika kila wilaya, kila mwaka.

Lipo jambo jingine lisilosemwa sana. Majaribio makubwa ya mwanzo ya chanjo za UVIKO-19 hayakuwahusisha wajawazito. Walioachwa nje ya majaribio ni pamoja na wale wale waliotakiwa kusimama langoni. Chanjo ilipoanza kutolewa hapa nchini, mwishoni mwa Julai 2021, wauguzi wengi wajawazito walibaki na maswali yasiyo na majibu ya kutosha. Ushahidi ulikuja kukusanyika baadaye, na ukaonyesha kuwa chanjo humlinda mama, na kwamba sehemu ya kinga yake humfikia mtoto tumboni.

Sheria inasema nini

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Katika ajira, sheria imemtaka mwajiri naye aujue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara kwa watumishi wa umma na wa sekta binafsi, inakataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu mjamzito, au mama anayenyonyesha, kufanya kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Angalieni neno "kumruhusu". Hata mtumishi akisema mwenyewe kwamba yuko tayari, wajibu wa mwajiri haufutiki. Kazi yake ikiwa ya hatari, mwajiri apaswa kumpa kazi nyingine inayofaa, kadiri inavyowezekana, kwa masharti yasiyo duni kuliko ya awali. Hapo ndipo lilipo jibu la mshahara "ule ule".

Sheria hiyo inakataza pia kumpanga mjamzito kazi ya usiku, yaani baada ya saa mbili usiku na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Inampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku kumnyonyesha mtoto. Naye mtumishi ana wajibu wa kumwarifu mwajiri miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, akiambatisha cheti cha daktari. Wakati wa mlipuko, ni heri aseme mapema zaidi.

Nilipokuwa nikipiga picha ile mwaka 2020, sheria hii ilikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Na kwingineko miongozo ilikuwa imekwisha kutolewa. Nchini Uingereza, siku ile ile ya 16 Machi, serikali iliwaweka wajawazito katika kundi la watu wa kujihadhari zaidi, na siku chache baadaye vyama vya kitaaluma vya madaktari wa uzazi na wakunga vikashauri kuwa mhudumu wa afya mwenye mimba iliyopita wiki 28 aepushwe na kukutana na wagonjwa ana kwa ana. Tungeweza kutenda vivyo hivyo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Foleni nayo ni kweli

Sitawadanganya kwamba kumhamisha muuguzi mmoja hakuna gharama. Zahanati ya kijiji ina watumishi wachache, na mmoja akitoka katika chumba cha wagonjwa, mzigo wake huwaangukia wenzake, nanyi mnasubiri zaidi. Aliyeandika ile karatasi ameliona hilo kwa macho yake. Lakini pimeni upande wa pili. Muuguzi akiugua na kulazwa, tunampoteza kwa muda usiojulikana, na pengine tusimpate tena. Akihamishiwa kwenye usajili, kuandaa takwimu, kuhesabu dawa stoo au kuwapigia simu wagonjwa wanaofuatiliwa, utaalamu wake unabaki nasi, na mwenzake aliye chumbani anapumuliwa kazi za makaratasi. Kazi hizo nazo zinahitaji barakoa na hewa ya kutosha, maana mtu asiye na dalili anaweza kuambukiza.

Wala tusidhani habari hii imepita. Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya UVIKO-19. Lakini mwezi Machi mwaka huo huo ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Januari 2025 ukathibitishwa tena mkoani humo, wilayani Biharamulo. Mlipuko hauna miadi.

Yaliyo mikononi mwetu

Nawaomba mambo manne. Kwanza, mwenye kikohozi au homa aseme mlangoni, avae barakoa, na asindikizwe na mtu mmoja tu. Pili, tusimshurutishe muuguzi mjamzito kuingia mahali alipoondolewa, wala tusimwite mvivu. Tatu, kamati ya zahanati iulize katika kila kikao chake: je, glavu, barakoa na maji vipo, na je, yupo mtumishi anayestahili kubadilishiwa kazi? Maswali hayo yaandikwe katika muhtasari, ili majibu yake yafuatiliwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Nne, akina baba ambao wake zao ni watumishi wa afya, wawatie moyo watoe taarifa mapema, kwa maandishi, pasipo aibu.

Nanyi watumishi wenyewe, kuomba kinga si udhaifu, wala hakuwapunguzii uzalendo. Mganga mfawidhi anayepokea ombi hilo hatoi hisani. Anatekeleza sheria.

Mtoto yule niliyewasimulia sasa anasoma darasa la awali. Mama yake angali muuguzi. Mara ya mwisho tulipoonana nilimwomba radhi, naye alinisamehe kwa sharti moja: kwamba nikimwona tena muuguzi mjamzito langoni, niifunge kamera kwanza, nimwulize kama amepata mahali pa kukaa. Nami naliacha sharti hilo kwenu, ndugu wananchi, kwa kuwa mnaingia langoni pale mara nyingi kuliko mimi.