Chungu cha Watoto na Jedwali la Hesabu

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vyenye vituo vya kulelea watoto mchana



Chama cha msingi kinapoanzisha kituo cha kulelea watoto mchana, ili wazazi wapate nafasi ya kwenda shambani na kufikisha mazao yao kwenye mizani, hujitwika dhamana mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni mtoto kushiba. Ya pili ni fedha ya mwanachama kutunzwa. Wako wanaodhani kuwa dhamana hizi hupingana, kwamba anayebana matumizi hana budi kumpunja mtoto. Hazipingani hata kidogo, mradi hesabu ya chungu ianzie mahali pake: kwenye idadi ya watoto waliopo na umri wao, wala si kwenye gunia lililomo ghalani.

Chombo kinachorahisisha hesabu hiyo ni lahajedwali, yaani jedwali la hesabu la kompyuta. Zamani mtunza hesabu alipiga mistari kwa rula na kujumlisha kwa kalamu. Namba moja ikibadilika, alilazimika kufuta na kuanza upya. Mwaka 1979 ilipotolewa programu ya VisiCalc kwa kompyuta ndogo, kazi hiyo ya kufuta ilikoma: namba moja ikibadilishwa, majumlisho yote yanayoitegemea hubadilika yenyewe. Kwa jiko la watoto faida hiyo ni kubwa, kwa sababu idadi ya walaji hubadilika kila siku.

Chukulieni kituo chenye watoto 60 katika orodha, ambacho kwa kawaida hupata watoto 48 kwa siku: 16 wenye umri wa chini ya miaka 3, na 32 wenye miaka 3 hadi 5. Tuseme kipimo kilichokubaliwa kwa ushauri wa afisa lishe ni gramu 50 za mchele mkavu kwa mtoto mdogo na gramu 75 kwa mkubwa. Safu ya kwanza ya jedwali huandikwa kundi la umri. Ya pili, waliohudhuria. Ya tatu, kipimo cha mtoto mmoja kwa gramu. Ya nne, kilo zinazohitajika. Katika safu ya nne haiandikwi namba bali kanuni: =B2*C2/1000. Jibu la wadogo ni kilo 0.8, la wakubwa ni kilo 2.4, na jumla ni kilo 3.2.

Katibu asiyefanya hesabu hiyo huangukia mojawapo ya makosa mawili. Akipika kwa orodha nzima na kwa kipimo cha mkubwa, atatoa kilo 4.5. Ziada ni kilo 1.3 kwa siku. Kwa siku 20 za mwezi ni kilo 26 za mchele ambazo hakuna mtoto aliyezihitaji. Akiwapimia wote kipimo cha mdogo, atatoa kilo 2.4, na watoto 32 watapungukiwa gramu 25 kila mmoja. Kosa la kwanza huumiza chama. La pili huumiza mtoto, naye hana sauti katika mkutano mkuu.

Kanuni ya kupima kwa umri na mahudhurio hutumika pia kwingineko. Nchini Marekani, mpango wa serikali wa chakula katika vituo vya watoto, ambao asili yake ni sheria ya mwaka 1968, huagiza maziwa ya mlo wa mchana yawe takriban mililita 120 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, mililita 180 kwa wa miaka 3 hadi 5, na 240 kwa wa miaka 6 hadi 12. Kituo hurejeshewa fedha kwa milo iliyotolewa na kuandikwa, si kwa majina yaliyomo katika orodha.

Hata hivyo jedwali halijui kupika. Ndizi mbichi ikimenywa hupoteza zaidi ya robo ya uzito wake. Kwa hiyo kinachonunuliwa lazima kizidi kinachoingia chunguni, na tofauti hiyo iwe na safu yake. Mpishi hutumia kopo, si gramu. Basi kopo lake lijazwe mchele na kupimwa kwenye mizani mara moja, uzito uandikwe, kisha jedwali lieleze pia idadi ya makopo. Maharage yawe na kopo lake au kipimo chake, maana ujazo ulio sawa hauna uzito ulio sawa.

Yako pia makosa ya kalamu. Anayeandika "kilo 3" mahali pa 3 ameandika maneno, na kompyuta huyaruka maneno inapojumlisha bila kutoa onyo lolote. Jumla hutoka pungufu. Anayeandika namba juu ya kanuni ameiua kanuni hiyo, na kesho jibu litabaki la jana. Anayechanganya gramu na kilo katika safu moja ataagiza mchele wa kijiji kizima.

Mwisho ni safu mbili ambazo wengi huziacha: kilichotolewa ghalani, na tofauti kati yake na kilichohitajika. Hizo ndizo zinazogeuza mpango kuwa ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tofauti ikionekana siku ile ile, mpishi huulizwa naye hueleza: pengine wageni walikula, pengine mchele ulikuwa na mawe. Ikionekana baada ya mwaka, huzaa tuhuma tu, na mara nyingi mzigo humwangukia mpishi asiye na hatia.

Chama kisicho na kompyuta kisingoje. Karatasi yenye safu sita zilizopigwa kwa rula hufanya kazi ile ile, ingawa kwa jasho zaidi. Inapendekezwa kila kituo kianze na mlo mmoja kwa mwezi mmoja, karatasi zihifadhiwe pamoja na leja ya ghala, na jumla ya mwezi isomwe mbele ya bodi na wazazi. Wao ndio wenye fedha, na ndio wenye watoto.